Tukiingoja theluji nzito: shajara ya mradi

Ijumaa jioni

Mradi una kazi mbili: kuandika tunachokitabiri kabla theluji haijaanguka, na kuipima kwa utaratibu mmoja ikishaanguka. Kila msimu wa baridi sisi wapenzi wa hali ya hewa hukesha na ramani. Theluji ikija tunashangilia, isipokuja tunazilaumu modeli, yaani programu za kompyuta za kutabiri hali ya hewa, na ukimuuliza mtu yeye mwenyewe alisema nini siku tatu kabla, anaanza kutafuta maneno. Safari hii maneno yanafungwa kwenye daftari, na kilichoandikwa kwa kalamu hakifutwi.

Vituo ni vitatu. Mzee yuko bondeni, mimi niko katikati ya mteremko, dada yuko juu karibu na kilele. Kati ya mzee na dada hakufiki mita 400 za kimo, lakini kwa theluji huo ni umbali mkubwa. Hewa kwa kawaida hupoa takriban nyuzi 0.65 kila upandapo mita 100, kwa hiyo dada anaweza kuwa na nyuzi mbili na nusu za baridi kuliko mzee kwa wakati uleule. Hizo ndizo zinazoamua nani atatoka na mwavuli na nani atatoka na koleo.

Kilichotukusanya ni mgandamizo mdogo wa hewa, yaani mfumo unaoleta mawingu na mvua, ambao modeli zinauonyesha ukifika mwishoni mwa wiki ijayo, ukiwa umebeba unyevu mwingi, na ukikuta hewa baridi imekwisha kutuama hapa. Toleo kuu la modeli ya ECMWF, kile kituo cha Ulaya cha utabiri wa muda wa kati, linatupa theluji ya kufukia magurudumu ya gari. Nimelinakili, nikalipita. Toleo moja la siku saba mbele ni uvumi wenye desimali.

Ninachokitazama mimi ni kundi. ECMWF huendesha hesabu ileile mara 51, kila mara ikianzia kwenye hali ya hewa iliyobadilishwa kidogo mno. Wamarekani nao hufanya hivyo mara 31 katika mfumo wao wa GEFS. Sababu ni ile aliyoigundua Edward Lorenz mwaka 1961, alipotaka kurudia hesabu ya hali ya hewa kwenye kompyuta yake akaingiza 0.506 badala ya 0.506127. Tofauti hiyo ndogo ilitosha kuipeleka hali ya hewa ya kompyuta yake mahali pengine kabisa baada ya muda. Hakuna anayeweza kuipima angahewa yote bila kuacha desimali kadhaa nje, ndiyo maana watabiri huziacha desimali hizo zicheze, kisha wanatazama matoleo yanakubaliana kwa kiasi gani.

Leo hayakubaliani. Robo hivi yana theluji nzito, mengi yana mvua, mengine yanaupitisha mgandamizo wote mbali nasi. Nimeandika hivyo hivyo.

Sheria ya kwanza ya daftari: ramani za sentimita za theluji haziingii. Nyingi huchukua kila milimita ya maji na kuigeuza sentimita moja ya theluji bila kuuliza hewa ikoje, na baadhi huhesabu hata vidonge vya barafu kuwa theluji. Tunanakili mambo matatu tu: joto kwenye kimo cha hektopaskali 850, yaani takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, joto la mita mbili juu ya ardhi, na kiasi cha maji yatakayoanguka. Theluji tutaikadiria wenyewe.

Jumamosi

Siku ya mbao. Kila kituo kimepata ubao wa kupimia theluji, kipande cha plaiwudi cha sentimita 40 kwa 40, kimepakwa rangi nyeupe ili kisinyonye joto la jua, na kimewekwa mbali na kuta na miti. Pembeni mwa kila kimoja kuna kijiti kirefu, maana ubao mweupe uliofukiwa na theluji nyeupe hautafutwi kwa kupapasa gizani bila kuharibu kile ulichokuja kukipima.

Vipimamvua vimeondolewa faneli na mrija wa ndani. Vikiachwa, theluji huziba mdomo na nyingine hupeperuka. Ikianguka moja kwa moja ndani ya silinda pana, unaiyeyusha kwa kumimina maji ya uvuguvugu uliyoyapima kwanza, kisha unayatoa kwenye jumla.

Kipimajoto cha mzee kilikuwa ukutani. Tumekihamishia kwenye kibanda cha Stevenson, lile sanduku jeupe lenye mbao za kupitisha hewa. Aliyelibuni, Thomas Stevenson, alikuwa mhandisi wa minara ya taa huko Scotland, na tangu karne ya 19 umbo lake halijabadilika sana.

Jumapili usiku

Modeli ya Kimarekani ya GFS hutoka mara nne kwa siku, kwa kuanzia saa 00, 06, 12 na 18 za UTC, yaani saa za kimataifa. Wapo miongoni mwetu waliogeuza hizo kuwa ratiba ya kula na kulala. Toleo la asubuhi lilituletea theluji. La mchana likaipeleka mashariki. La jioni limeirudisha, lakini imegeuka mvua. Kila badiliko lilipokelewa kama habari ya msiba au ya harusi, na simu yangu haikunyamaza.

Dada ameandika: "Kaka, GFS imeshachanganyikiwa, tuifuate ECMWF." Jana alisema kinyume chake, kwa sababu jana GFS ndiyo iliyokuwa na theluji. Simcheki, sote tuko hivyo. Mpenzi wa theluji huzijua ramani vizuri. Tatizo lake ni kwamba anaanza kusoma zile zinazompa anachokitaka, na akishakipata anakwenda kulala. Utaona mtu anaeleza kwa ufundi mkubwa kwa nini modeli fulani haiaminiki na hali hii, na ufundi huo wote unatoweka modeli hiyohiyo ikibadili maneno.

Kwa hiyo sheria ya pili: asiyeandika kwanza hesabu ya kundi haruhusiwi kufungua toleo kuu. Matoleo yenye theluji ya kutosha kwenye kimo cha kituo cha kati yanahesabiwa moja moja. Usiku huu yamefika nusu. Hiyo ndiyo habari ya leo, na ni kubwa kuliko rukaruka zote za GFS. Mgandamizo sasa haupiti mbali. Swali limebaki moja: maji yake yataanguka yakiwa nini, mvua au theluji?

Jumanne

Nimeshinda na swali hilo, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo mradi mzima ulipo.

Sehemu kubwa ya mvua ya majira ya baridi huanza kama theluji. Huko juu mawinguni ni baridi, na mahali panapopendeza zaidi ni kati ya nyuzi 12 na 18 chini ya sifuri. Hapo fuwele huota matawi sita marefu, na matawi yakinasana hufanya vile vipande vikubwa vinavyoshuka polepole. Ukichora wingu kwenye karatasi ya kimo na joto, unatafuta kama hewa inapanda kwa nguvu zaidi hasa kwenye tabaka hilo. Kwetu safari hii inapanda hapo hapo. Uhusiano huu wa joto na umbo la fuwele tunamshukuru Ukichiro Nakaya, mwanafizikia wa Hokkaido aliyefaulu mwaka 1936 kuotesha fuwele ya theluji maabara, akiitundika kwenye unywele wa sungura.

Kwa hiyo kiwanda kiko salama. Tatizo ni njia ya kushukia. Fuwele inaanguka kwa mwendo wa takriban mita moja kwa sekunde, na ikipita kwenye hewa yenye joto juu ya sifuri kwa mita mia kadhaa inayeyuka. Tabaka hilo la joto likiwa juu, na chini yake kuna baridi ya kina, tone huganda tena na kufika likiwa kidonge cha barafu. Baridi ya chini ikiwa nyembamba, tone hufika likiwa maji na kuganda likigusa tawi, waya au barabara, na hiyo siiombei kwa yeyote. Kwetu tabaka la joto liko chini kabisa, limekaa juu ya bonde. Modeli zinalipa unene wa mita 400 hadi 600 na nyuzi 1.5 hadi 2.5 juu ya sifuri.

Wengi huishia hapo wakasema ni mvua. Lakini joto la kipimajoto peke yake halitoshi. Vika balbu ya kipimajoto kitambaa kibichi, ipepee, na usome tena. Maji yakivukizwa huchukua joto, ndiyo siri ya mtungi wa udongo kupoza maji juani. Hewa ya nyuzi 2.5 yenye unyevu wa asilimia 60 itakupa usomaji wa karibu sifuri kwenye kitambaa. Ikiwa na unyevu wa asilimia 95, kitambaa kitabaki juu ya nyuzi 2. Ya kwanza inaweza kugeuka theluji baada ya dakika chache za kunyesha, kwa sababu mvua yenyewe itaipoza kwa kuvukizwa. Ya pili imeshamaliza akiba yake ya ukavu.

Modeli zinasema bonde litakuwa na unyevu mwingi kabla hata ya tone la kwanza. Mzee hana mtungi, basi.

Lakini kuna mlango mwingine. Kuyeyusha kilo moja ya barafu kunahitaji kilojuli 334, na joto hilo hutoka kwenye hewa inayopitwa. Nimepiga hesabu kwa tabaka la unene wa mita 500: kila milimita ya maji inayoyeyuka ndani yake inalipoza kwa takriban nusu nyuzi, iwapo upepo hauleti joto jipya. Mvua ya rasharasha ya nusu milimita kwa saa haifanyi kitu, upepo unarudisha joto lote. Milimita nne kwa saa zinaliteremsha tabaka kwa nyuzi mbili ndani ya saa moja, na sifuri inashuka hadi miguuni mwa mzee.

Ina maana kwamba bondeni theluji itategemea ukali wa kunyesha kuliko joto la kuanzia. Na ukali ndio kitu ambacho modeli hukikosea kwa urahisi zaidi, kwa sababu bendi, yaani mikanda ya mawingu inayonyesha kwa nguvu, ni nyembamba na zinahama. Hakuna ramani ya sentimita inayokuambia hilo.

Nimewatumia wenzangu hesabu hii. Dada amejibu kwa alama ya kidole gumba. Mzee ameuliza kama kwa hiyo jibu ni ndiyo au hapana.

Jumatano, kufunga

Matoleo yenye theluji kwa kituo cha kati yamezidi robo tatu. Puto la hali ya hewa la saa 12 za UTC limethibitisha tabaka la joto liko hapo, limepungua unene kidogo kuliko modeli zilivyodai. Namwamini puto, kwa sababu amepita mle.

Kabla ya kufunga tulikumbushana hadithi mbili. Ile tufani kubwa ya Machi 1993 iliyofunika mashariki ya Marekani, watabiri waliiona siku tano kabla, na ikaja kama walivyosema. Januari 2015 jiji la New York liliambiwa litegemee zaidi ya sentimita 60, treni za chini ya ardhi zikasimamishwa, na Central Park ikapata sentimita 25. Boston, tufani ileile, ilipata zaidi ya 60. Utabiri ule uliuona mnyama sawasawa. Ukingo wake tu ndio uliokuwa mashariki zaidi, na New York ilikuwa kwenye ukingo. Anayeishi ukingoni aandike kwa mapana.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Mzee alitaka bondeni paandikwe sifuri hadi sentimita 10. Dada na mimi tukaona hayo ni mapana ya kujificha ndani yake, asiyeweza kukosea hajatabiri. Kura zikaenda hivi:

Bondeni: 0 hadi 5. Katikati: 8 hadi 15. Juu: 25 hadi 35. Kipimo ni jumla ya ubao, ukisafishwa kila baada ya saa sita na si chini ya hapo, kwa sababu anayepima kila saa na kujumlisha anapata theluji nyingi kuliko iliyoko. Theluji hujishindilia yenyewe, na kila ukifagia unaiondolea uzito wa kuishindilia.

Imeandikwa kwa kalamu. Mzee ametia saini, chini yake ameandika "kwa kulazimishwa".

Alhamisi

Saa moja usiku. Rada imejaa rangi juu yetu, na nje hakuna kitu. Theluji inaanguka kutoka mawinguni na kuishia hewani, inageuka mvuke kabla ya kufika. Wageni wa mchezo huu hukata tamaa hapa. Wazoefu hufurahi, kwa kuwa kila kipande kinachopotea kinapoza njia ya kitakachofuata. Kipimajoto changu kilikuwa 2.3, sasa kinasoma 1.4, bila tone moja.

Saa mbili na nusu. Dada: "Imeanza! Vipande vikubwa!" Kwangu ni mchanganyiko, maji na vipande vinavyokufa vikigusa koti. Nimezima taa za ndani na kutazama taa ya barabarani. Matone hupita kwenye mwanga kama mistari, vipande vya theluji huyumba, na macho hugundua tofauti mapema kuliko kifaa chochote nilicho nacho.

Saa tatu. Theluji tupu kituo cha kati. Nyuzi 0.4. Ubao umeshikwa.

Saa tatu na robo. "Shikamoo mzee, bondeni kukoje?"

"Marahaba mwanangu. Mvua. Nyuzi 2.1. Nakunywa chai yangu."

Saa nne na nusu. Kwenye rada kuna mviringo unaong'aa kupita vyote. Si lazima kunyesha kuwe kukali pale. Theluji inayoanza kuyeyuka hujivika maji nje ikabaki na umbo kubwa, na rada huiona kama tone la kutisha. Mviringo huo huonyesha kimo cha kuyeyukia, na kwa saa moja iliyopita umekuwa ukijikunja, maana yake kimo kinashuka. Nyuma yake inakuja bendi nyembamba yenye nguvu za kweli, inaelekea bondeni.

Saa tano kasoro. Mzee: "1.2."

Saa tano na dakika kumi. Mzee: "0.6, inanyesha kama imefunguliwa bomba."

Saa tano na nusu. Mzee hakuandika. Amepiga simu, na muda mrefu hakusema kitu cha maana. Dada alikuwa kwenye mstari pia, naye anapiga kelele kana kwamba yeye hajawa na theluji saa tatu nzima.

Saa sita na nusu. Vipimo vya kwanza. Juu, sentimita 14. Kwangu 8. Bondeni 3, nzito, inayokandika. Theluji ya namna hiyo ikifikia sentimita 30 huweza kuweka kilo 60 kwa kila mita ya mraba ya paa, kwa hiyo nimemwomba mzee asiliache gari chini ya ule mti.

Ijumaa

Imekoma alfajiri. Vipimo vya pili vimejumlishwa: juu 27, katikati 13, bondeni 7.

Nimekata kipande cha theluji kutoka ubao wangu kwa silinda ya kipimamvua na kukiyeyusha. Jumla ya vipande viwili ni milimita 16 za maji, uwiano wa kama nane kwa moja. Ramani za kumi kwa moja zingenipa sentimita 16, na zingetoka nje ya mipaka yangu kwa sababu ya kuzidisha tu. Juu theluji ilikuwa kavu zaidi, ila kipimamvua cha dada hakifai kutumiwa: upepo ulipitisha sehemu kubwa ya theluji juu ya mdomo wake, na maji yaliyomo ni pungufu sana kuliko ya kipande kilichokatwa ubaoni. Tumechukua ya ubao. Kina cha theluji iliyolala ardhini kwake ni 23, si 27, na zote mbili zimeandikwa, kila moja kwenye safu yake, kwa sababu watu hupenda kuchagua kubwa.

Juu na katikati vimeingia ndani ya mipaka. Bondeni pamevuka kwa sentimita mbili, na zote zilianguka katika ile saa na nusu ya bendi. Safu mpya imeongezwa kwenye daftari: usomaji wa kipimajoto chenye kitambaa, kila nusu saa kuanzia kunyesha kunapokaribia, na kando yake milimita kwa saa. Bila hizo mbili bonde litaendelea kututia ubishi.

Ujumbe wa mzee umeingia sasa hivi, una picha ya ubao wake na rula. Anasema mgandamizo unaofuata bondeni atapafunga yeye mwenyewe, sifuri hadi kumi, na safari hii asisikie kura.